Kabla Hujanunua Mashine ya Ofisi, Mfikirie Mwenye Bahasha

Wananchi wenzangu wa Mwandiga, nanyi ndugu zetu wa Kigoma mjini, Ujiji, Kalinzi na vijiji vya mwambao, leo naomba tuzungumze jambo la ofisini. Ni ile mashine moja inayochapa, inayotoa kopi na kuskani, na nyingine zinatuma hata faksi.

Ofisi ndogo zinaongezeka hapa njia panda kwetu. Kuna ya AMCOS, ya SACCOS, ya shule, ya zahanati, ya wakala wa mizigo, na kuna steshenari yenye meza moja na kompyuta moja. Karibu kila moja itafika siku ya kununua mashine hii. Je, tutaichaguaje?

Wengi wetu huanza na bei iliyobandikwa dukani. Si vibaya, fedha ni ngumu. Lakini nawaombeni tuanze na mtu atakayeingia mlangoni akiwa na bahasha ya kaki mkononi.

Ni nani huyo? Ni mzazi ambaye mwanawe anaomba mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu. Fomu inajazwa mtandaoni, lakini lazima ichapwe, isainiwe na mdhamini, ipite kwa kiongozi wa serikali ya kijiji na kwa mwanasheria, kisha kurasa zilizosainiwa ziskaniwe na kurudishwa kwenye mfumo. Ni kijana anayetuma vyeti vyake Sekretarieti ya Ajira. Ni akina mama wa kikundi wanaoomba mkopo wa asilimia 10 wa halmashauri, wamekuja na katiba yao na muhtasari wa kikao. Ni fundi wa madawati anayejaribu bahati yake kwenye NeST, mfumo wa manunuzi ya umma ulioanza kutumika mwaka 2023.

Wengine wametoka mbali. Wa Manyovu amesafiri kilomita kama 60 za lami hadi hapa. Wa Mwamgongo au Kagunga amepanda boti hadi Kibirizi, ndipo akatafuta gari. Akifika akaambiwa kuwa wino umeisha, au mashine haiskani tangu wiki iliyopita, afanyeje? Alale wapi?

Ndiyo maana nasema mashine ya ofisi ndogo ni mali ya mwenye ofisi, ila kazi yake ni ya watu wengi. Tukiichagua tukiwa na watu hao akilini, tutachagua vizuri zaidi hata kwa faida yetu wenyewe.

Tufanye nini basi? Kwanza tujue kazi yetu. Chukua daftari la kawaida, liweke mezani wiki mbili. Kila kazi inayoingia iandikwe: kopi ngapi, kurasa ngapi zimechapwa, ngapi zimeskaniwa, ngapi zilihitaji rangi, na je, kuna aliyeulizia faksi? Mpe daftari hilo yule anayekaa na mashine kila siku, mhudumu au katibu muhtasi. Yeye ndiye anayejua kwamba Jumatatu kopi ni nyingi, na kwamba rangi inaombwa mara chache kuliko tunavyodhani.

Ukiwa na hesabu hiyo, hakuna muuzaji atakayekuchagulia. Utamwambia wewe mwenyewe unachohitaji.

Sasa tuje kwenye mashine zenyewe. Kwa ofisi ndogo kuna njia mbili kubwa. Ipo ya leza, inayotumia unga unaoitwa tona, na ipo ya wino wa chupa, yenye matanki madogo unayojaza mwenyewe. Za leza ndogo nyingi huchapa nyeusi tu. Za wino huchapa na rangi.

Tona huyeyushwa kwa joto ikashikana na karatasi. Kwa hiyo barua ya leza ikipata matone ya maji, maandishi hubaki. Wino wa maji wa aina nyingi huchuruzika ukilowa. Je, si jambo la kufikiria kwetu sisi, ambao watu wetu husafiri na vyeti ndani ya boti, na mvua zetu huanza karibu Oktoba zikaendelea hadi Mei inapokaribia? Ofisi inayotoa barua rasmi na kopi za vyeti siku nzima ningeishauri leza bila kusita. Na ile ya wino ikiwa ndiyo iliyopo, basi tumpe mwananchi jalada la plastiki la kuhifadhia karatasi zake. Ni gharama ndogo, na atatukumbuka.

Lakini joto hilo la leza linadai umeme. Mashine ndogo ya leza huvuta mamia ya wati inapochapa, na kwa vitambo vifupi inaweza kukaribia wati 1,000. Mashine ya wino wa chupa kama Epson L3250 hutumia wati kama 14 tu. Tofauti hiyo ni kubwa mno.

Nani hapa hajui habari za umeme wetu? Mkoa wa Kigoma ulikaa miaka mingi ukitegemea majenereta ya dizeli kabla ya gridi ya Taifa kutufikia. Tunashukuru kwa hatua hiyo. Hata hivyo umeme hukatika kila mahali, na LUKU huisha hata katikati ya kazi. Ofisi inayotegemea sola ndogo, kama zilivyo nyingi za vijijini, itaishi vizuri na mashine ya wino. Leza itaimaliza betri mapema.

Na hapa nawaomba sana: usichomeke leza kwenye ile UPS ndogo ya kompyuta. Mashine inapopasha joto, UPS huzidiwa, ikazima pamoja na kompyuta, na kazi ya mtu ikapotea. Kompyuta ikae kwenye UPS, leza ipate soketi yake ya ukutani yenye kilinda umeme. Ukitoka jioni, chomoa. Radi za huku kwetu tunazijua.

Tukirudi kwenye fedha, je, mashine ya bei nafuu ni nafuu kweli? Jibu halipo kwenye bei ya mashine, lipo kwenye bei ya ukurasa. Chukua bei ya katriji au chupa, igawanye kwa idadi ya kurasa iliyoandikwa na mtengenezaji. Katriji ya Canon 725, inayotumika kwenye mashine ya MF3010 iliyozoeleka katika steshenari nyingi, imekadiriwa kurasa 1,600. Chupa nyeusi ya wino ya Epson 103, yenye mililita 65, imekadiriwa kurasa 4,500.

Tuseme katriji ni shilingi 80,000. Ukurasa mmoja utakula shilingi 50 za tona. Tuseme chupa ni shilingi 45,000. Ukurasa utakula shilingi 10. Bei hizo nimeziweka kwa mfano, nawe weka za dukani kwako. Kisha ongeza karatasi, ongeza umeme, ndipo upange bei ya kopi ambayo haitakuumiza wala kumuumiza mteja.

Kumbuka pia kwamba makadirio hayo hufanywa kwa ukurasa ambao maandishi yamefunika kama asilimia 5 tu. Kopi ya kitambulisho yenye kivuli cheusi pembeni, au picha ya pasipoti iliyojaa giza, hula zaidi. Kwa hiyo tufunike kioo vizuri tunapotoa kopi. Katriji inayokuja na mashine mpya nayo mara nyingi haijajazwa sawa na ile ya kununua, basi usishangae ikiisha mapema.

Wino wa chupa una tabia yake. Haupendi kukaa. Mashine isipochapa kwa muda mrefu, vitundu vya wino hukauka, hasa katika kiangazi. Kwa shule inayofunga mwezi mzima, au ofisi inayochapa siku mbili kwa wiki, nani atapita kuchapa ukurasa mmoja wa rangi kila wiki? Kama hayupo, leza itawafaa zaidi, kwa kuwa unga haukauki.

Kuna sehemu moja ambayo watu huisahau wanaponunua, nami naiona muhimu kuliko rangi. Ni ile sehemu ya juu inayovuta karatasi moja moja yenyewe wakati wa kuskani au kutoa kopi. MF3010 na L3250 hazina. Unafunua kioo, unaweka ukurasa, unafunika, unafunua tena. Kwa cheti kimoja hakuna shida. Lakini fomu ya kurasa nyingi, na foleni ya wazazi nje wakati dirisha la mikopo linakaribia kufungwa? Epson L5290, kwa mfano, huvuta karatasi hadi 30, na ina sehemu ya faksi. Kama daftari lako limeonyesha kuskani kwingi, ongeza fedha upate mashine yenye sehemu hiyo.

Na tunaposkani tuwasaidie watu wetu wasimalize bando. Kurasa zote za fomu moja ziwe faili moja la PDF, zikiwa zimenyooka na kwa mpangilio. Nukta 200 hadi 300 kwa inchi zinatosha kwa maandishi. Ukiweka 600 faili linakuwa zito, linagoma kupanda kwenye mfumo, na kijana anadhani kosa ni lake.

Sasa faksi. Je, tunaihitaji?

Barua nyingi za ofisi zetu bado zina mstari wa nukushi, yaani faksi, pale juu, chini ya simu. Teknolojia hiyo ni ya zamani sana: Mskoti Alexander Bain alipata hataza ya mashine ya kutuma picha kwa waya mwaka 1843, kabla simu yenyewe haijavumbuliwa. Kiwango tunachokitumia mpaka leo, Group 3, kilikubaliwa kimataifa mwaka 1980, na kwa hicho ukurasa ulisafiri kwa dakika kama moja. Kwa mkoa kama wetu, ambao barua ilipanda treni ya Reli ya Kati zaidi ya kilomita 1,200 hadi Dar es Salaam, fikiria ukurasa uliosainiwa asubuhi Kigoma ukisomwa asubuhi hiyo hiyo makao makuu!

Leo serikali yetu inatumia mifumo ya ofisi mtandao kusafirisha majalada, na Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inatambua nyaraka na saini za kielektroniki. Ofisi nyingi zinapokea PDF kwa barua pepe. Hata hivyo faksi haijafa duniani. Hospitali nyingi za Marekani bado zinaitumia, na Japani hospitali ziliripoti wagonjwa wa korona kwa faksi mwaka 2020. Kwa hiyo wapo wenzetu wenye sababu ya kuiweka: wakala anayeshughulika na ofisi ya nje inayodai faksi, au shirika ambalo wafadhili wake wana utaratibu huo.

Wewe uliza kwa upole. Pigia simu zile ofisi unazoandikiana nazo, uwaulize: mnapokea PDF kwa barua pepe? Kama wote wamesema ndiyo, usilipie faksi. Fedha hiyo weka kwenye ile sehemu ya kuvuta karatasi, au rimu za karatasi.

Kama wapo waliosema hapana, jambo la kwanza si mashine, ni laini ya simu. Faksi hugeuza ukurasa kuwa milio, ikaipitisha kwenye waya wa simu ya mezani. Mitandao ya simu za mkononi hubana sauti ili maneno ya binadamu yasikike, na milio ile huharibika njiani. Hata laini zinazopita kwenye intaneti huweza kuleta shida hiyo, isipokuwa mtoa huduma ameweka utaratibu maalumu wa faksi. Basi nenda TTCL uulize kabla ya kununua chochote: laini mtakayonipa inabeba faksi? Omba jibu la wazi, ikiwezekana mjaribu pamoja.

Ikishakubali, chomeka waya wa simu kwenye tundu lililoandikwa LINE, na simu ya mezani kwenye tundu la EXT. Andika ukutani mfano wa namba kamili: ukituma Bujumbura utaanza na 000, kisha 257, Kalemie au Uvira ni 000, kisha 243. Tarakimu moja ikikosewa, karatasi ya mtu inatokea kwa asiyehusika. Piga simu kwanza, mjue aliye upande wa pili amesimama karibu na mashine yake. Hifadhi na ile karatasi ndogo ya uthibitisho inayotoka baada ya kutuma.

Ofisi inayotuma faksi mara moja kwa miezi kadhaa haina haja ya laini wala mashine yake. Jirani mmoja mwenye nayo anatosha kwa Mwandiga nzima. Tukubaliane bei, tuelekezane wateja. Kwa nini ofisi tatu zilizopakana zilipie laini tatu ambazo hazilii?

Karatasi za watu ni siri zao, na hapa naomba tuwe makini kama tulivyo makini na fedha ya mteja. Vitambulisho vya NIDA, majibu ya vipimo, hati za mashamba, vyote hupita kwenye kioo chetu. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023. Sheria hiyo inamgusa hata mwenye steshenari ndogo. Je, kuna kitambulisho kimesahauliwa chini ya kifuniko? Kopi zilizoharibika tunazichana, au tunafungia maandazi? Faili za wateja zimejaa kwenye kompyuta tangu mwaka jana? Tuzifute kila jioni, mteja akishapata chake.

Anayenunua mashine kubwa ya kopi iliyotumika aulize jambo moja zaidi: nyingi zina hifadhi ya ndani inayoweza kutunza picha za kurasa. Fundi aifute kabla ya kuanza kazi, na aifute tena siku mtakapoiuza.

Na fundi mwenyewe yuko wapi? Nawasihi muulize hili kabla ya kulipa. Mashine nzuri ambayo katriji yake inaagizwa Dar es Salaam itakuacha umekaa siku kadhaa ukisubiri kifurushi cha basi. Tembea kwanza kwenye maduka ya Mwandiga, Gungu na Mwanga. Wino upi upo rafuni leo? Mafundi wanafungua mashine zipi kila wiki? Nunua ile inayojulikana hapa, hata kama nyingine ina vitufe vingi zaidi. Na tangu siku ya kwanza kuwe na katriji au chupa moja ya akiba kabatini. Ukiifungua, siku hiyo hiyo nunua nyingine.

Vumbi letu jekundu nalo halina huruma. Mashine isikae mkabala na mlango wa barabarani. Ifunikwe kwa kitambaa safi usiku, ikishapoa. Rimu ya karatasi ikae ndani ya ganda lake hadi inapohitajika, kwa sababu masika karatasi hunyonya unyevu, ikajikunja na kukwama. Mashine nyingi hulaumiwa kwa kosa la karatasi mbichi.

Ninyi mnaozijua mashine hizi tayari, nina ombi. Kijana wa jirani aliyemaliza kidato cha nne na yuko nyumbani, mkaribisheni ajifunze kuskani, kuunganisha kurasa na kutoa karatasi iliyokwama bila kuvunja kitu. Siku mkiumwa, ofisi haitafungwa. Bandikeni bei mlangoni kwa herufi kubwa ili mzee asione aibu kuuliza. Na mkijua ofisi ya kijiji au zahanati iliyo mbioni kununua, nendeni mkawape uzoefu wenu bila kusubiri kuitwa.

Siku ya kununua, nenda na karatasi zako mwenyewe: fomu ya kurasa kadhaa, kitambulisho, na barua yenye muhuri wa bluu. Omba zitolewe kopi na ziskaniwe mbele yako. Tazama kama muhuri unasomeka. Chapa kutoka kwenye simu kama ndivyo utakavyofanya kazi. Kama umelipia faksi, tuma ukurasa mmoja kwa mtu unayemjua.

Ukilipa, dai risiti ya EFD na uandikiwe masharti ya dhamana. Sheria ya kodi inatutaka tutunze kumbukumbu za biashara kwa miaka 5, na karatasi ile ya risiti hufifia kwa joto na jua kabla ya muda huo. Basi mkiifungua mashine ofisini, kazi yake ya kwanza iwe kutoa kopi ya risiti yake yenyewe, uandike pembeni namba ya mashine na simu ya fundi, na uiweke kwenye jalada.